Kundi la Wasio na Ijumaa

Mwanaisha wangu,

Nimechoka, dada. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Madam ana wageni wiki nzima hapa Al-Malqa, Riyadh, magoti yananilia nikipanda ngazi, na juu ya hayo yote umeniachia ligi.

Hukuniachia kwa maneno, najua. Lakini ulipofariki, wanawake wote wa kile kikundi chetu cha simu walinigeukia mimi, eti kwa kuwa tulikuja huku na ndege moja. Sasa kila Jumapili, nikimaliza kupiga pasi, natazama pointi za kila mtu na kuzipanga. Unakumbuka madam aliponiuliza nacheka nini na simu? Nikamweleza kwamba kila mmoja wetu anajichagulia timu ya wachezaji wa Uingereza, wakifunga mabao kule, sisi tunapata pointi huku. Akauliza, na hizo pointi zinawapa nini? Nikasema mafi, madam, hazitupi kitu. Akanionea huruma.

Mchezo wenyewe haujui makundi. Ni wewe uliyetugawa, na hukutugawa kwa miji, Riyadh huku na Jeddah kule, kama mtu yeyote angefanya. Uliuliza swali moja tu: una Ijumaa au huna? Wenye siku ya mapumziko wakapata kundi lao, na sisi tusiofunguliwa mlango tukapata letu. Maana timu hupangwa upya kabla ya mechi za wikendi, na mtu ambaye Ijumaa simu yake imelala kwenye droo ya madam atambadilisha nani? Kisha ukawa unatusomea msimamo kwa sauti yako ya Mombasa, ukianza na kundi letu, kutoka mkiani kwenda juu. "Tuanzie tini, walo juu wajijua." Mimi wa mkiani nilisikia jina langu kabla sijaitwa jikoni. Nimejaribu kusoma kama wewe, lakini sauti yangu inatoka kama ya mtu anayetangaza msiba.

Sasa Salma anataka tubadilishe. Unamjua Salma, mzaliwa wa Jeddah, babu zake wa Unguja, ana mume wake na nyumba yake na Ijumaa zote za dunia. Anasema tugawane kwa miji, na timu yako ifutwe. "Marehemu hachezi, Akinyi." Hakusema kwa ubaya, yeye ndiye aliyekuosha. Lakini nilikasirika mpaka nikaunguza kanzu ya bosi.

Maana timu yako inacheza, Mwanaisha. Mchezo ule hauulizi nani yuko hai. Uliiacha ilivyokuwa wiki uliyoingia hospitali, na kila wikendi inaingia uwanjani vilevile. Nahodha wako, yule ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili, ameumia goti na hakuna wa kumtoa. Msaidizi wake ndiye anayebeba mzigo wote. Namwelewa sana yule kijana.

Walikuzika Ijumaa, huko Jeddah. Nilimwomba madam niende, hata nikae tu na Salma na wenzako. Nikamwambia ni dada yangu. Akasema pole, na kweli alisema kwa moyo, akanipa na tende. Halafu akanikumbusha kwamba Ijumaa watoto wote wanakuja kula. Nilipika kabsa, ule wali wao wa nyama, wakati unazikwa. Nililia, na watu wa nyumba wakadhani ni kitunguu.

Jumapili iliyopita nikajibu kikundi. Nikasema makundi yanabaki ya Mwanaisha, na timu haifutwi. Ila kwa sheria yako mwenyewe, timu ambayo mwenyewe hana njia ya kuigusa ni ya kundi letu. Kwa hiyo nimekuhamisha. Miaka yako yote ya huku hukukosa Ijumaa, yule bibi uliyemfanyia kazi alikuwa mtu wa Mungu, lakini sasa huna tena. Karibu kwetu. Salma akatuma sauti: "Haya, msome basi." Nikaanzia chini. Mkiani nilikuwa mimi, na wewe ulikuwa juu yangu, na nahodha wako mgonjwa hivyohivyo. Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kusoma.

Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, inakaribia kwisha na madam anataka nibaki. Nitamwambia nabaki kwa Ijumaa, la sivyo halas, naondoka. Nikiipata itabidi nihame kundi nikuache, sheria ni sheria. Lakini Ijumaa yangu ya kwanza sitaigusa timu. Nitakuja Jeddah. Najua huko wanawake hatuingii makaburini, Salma ameshaniambia. Sitaingia. Nitasimama nje ya ukuta nikusomee msimamo wote, na nitaanzia tini.

Pumzika, dada. Mmoja wetu apumzike.

Akinyi