Lori la Viti

4 Februari

Binti yangu,

Nina miaka sabini na mbili. Nimewazika wenzangu wanne niliokuwa nabeba nao nguzo, nimeyachakaza maturubai kumi na moja, na ule upepo ulioezua mabati ya soko zima uliniacha nimesimama na turubai langu limesimama. Hujambo? Wajukuu hawajambo? Sisi wazima, goti tu linanung'unika mawingu yakikusanyika.

Sasa hebu niambie. Mimi baba yako, niliyefunga maturubai ya harusi kabla hujaota meno, umeniandikisha mafunzo ya usalama siku tatu bila kuniuliza? Kwa sababu wewe sasa ni meneja wa shughuli? Kijana asiye na sugu hata moja kiganjani aje anifundishe nguzo? Nguzo!

Unasema watauliza nafanyaje kwenye uwanja wa saruji, vigingi visipoingia. Jibu wapelekee: kamba nafunga kwenye lori la viti. Ni zito kuliko huyo mwalimu na ukoo wake wote. Miaka arobaini nafanya hivyo. Mama yako anacheka hapa badala ya kuandika. Andika, mama, nalipwa kwa kusubiri?

Siendi.

Ni mimi, Baba yako

(Mwanangu, ni Mama. Nimeandika kama alivyosema. Usichoke kumwambia.)

15 Februari

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Sisi hatujambo. Mdogo kang'oka jino, anatembea nalo mfukoni. Poleni na goti.

Baba, lori lina magurudumu.

Usikasirike. Mimi pia niliingia darasani nimevimba kichwa. Miaka minane nasimamia shughuli, nitaambiwa nini? Mwalimu akaniuliza swali moja: "Siku ya shughuli, nani ana ruhusa ya kusema simamisheni kila kitu?" Nikaanza kuwataja. Mpishi ana kazi yake, wa spika ana yake, dereva ana yake, na mimi nakimbia huku na huku na simu sikioni. Wa kusema "simama" hatukuwa naye. Miaka minane, Baba! Usiku ule nililala macho wazi nikihesabu siku tulizopona kwa bahati tu.

Wanafundisha mapipa ya maji ya kushikilia kamba, ratiba ya magari, na funguo za gari kukaa kwa msimamizi. Mambo madogo. Mafunzo yanaanza Jumatatu tarehe 24, hapo hapo mjini kwenu. Kiti chako nimekiweka mbele, uone vizuri ubao.

Nakusihi nenda.

Wako, Binti yako

20 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, jino la mjukuu mwambie alitupe.

Kiti chako mpe mwenye haja nacho. Jumamosi ya wiki hiyo nina harusi ya binti wa fundi cherehani, uwanja wa shule, saruji tupu, watu mia tatu. Dereva wa lori nimemfundisha mimi kufunga fundo, funguo zake nizishike ili iweje? Mapipa ya maji! Nitaonekana nimekuja kufua. Na hilo la "simama", ukinisikia nikipiga kelele uwanjani huulizi tena nani mwenye ruhusa.

Usiniandikie habari hii tena.

Ni mimi, Baba yako

(Kasinzia, naongeza lake alilonikataza. Kasikia mwisho wa mafunzo kuna mtihani wa kuandika. Mtu aliyepambana na upepo anaogopa karatasi. Mama.)

9 Machi

Baba, Mama, shikamooni,

Mko salama? Barua zangu mbili hazijajibiwa. Simu ya Mama inaita tu. Jana fundi cherehani kanitumia ujumbe, "pole sana dada, Mungu atasaidia." Pole ya nini? Nimempigia, hapokei. Baba, kasirika unavyotaka, lakini niandikie neno moja. Nisipolipata, Jumamosi napanda basi.

Binti yenu

13 Machi

Binti yangu,

Huu ni mwandiko wangu. Usicheke. Mama yako hawezi kuandika, kavunjika mkono wa kulia. Simu nilikuwa nayo mimi. Niliogopa sauti yako.

Siku ya harusi gari la mpishi lilikosa njia. Mpishi akamwambia dereva wa lori sogea kidogo. Dereva akasogea kidogo. Mimi nilikuwa kwenye jukwaa nabishana na mtu wa spika. Nikaona kamba zinakaza. Nikapiga kelele simama. Muziki ulikuwa mkubwa. Mama yako alikuwa chini ya turubai anavisha viti vitambaa, nguzo ikamwangukia. Wageni walikuwa hawajaingia. Ingekuwa saa moja baadaye, nisingeandika barua hii.

Usije na maneno yako. Nimeshajisema.

Mafunzo yamerudiwa wiki iliyopita, nimeenda. Siku tatu nimenuna, maana kila alichosema kijana yule kilikuwa cha kweli na mimi nilikuwa nimechelewa. Maswali alinisomea kwa sauti. Hakunicheka. Alipofika kwenye uwanja wa saruji akauliza nani ana mfano. Nikasimama. Niliposema lori wakacheka. Niliposema mke wangu wakaandika.

Nimepata themanini na mbili kwa mia. Aliyenizidi ni msichana mmoja tu, na nguzo hajabeba hata moja.

Mapipa nimepata sita. Funguo za lori ziko mfukoni mwangu, dereva kanuna.

Ukidhani nimeongeza chumvi, muulize dereva, mpishi, na mwalimu yule asiye na sugu. Mama yako naye ni shahidi, kakaa hapa ananitajia herufi. Sahihi yake utaisubiri wiki tano.

Baba yako