Halima, Nimehamia Kwenu

Abaayo Halima, dada yangu,

Naandika nikiwa nimesimama. Kiti kipo, cherehani ipo, lakini kila nikikaa nahisi kama nimeacha kitu jikoni kinaungua. Basi nimeweka daftari juu ya meza ya kukatia vitambaa na naandika hivi hivi. Utavumilia mwandiko.

Niko Garissa. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi Mwende, niliyekuwa nakwambia kila ukinisifia kwenu kwamba siwezi kuishi mahali ambapo hata kivuli kina joto, sasa nakaa Waberi, nyumbani kwa mama yako, kwenye chumba cha upande wa tangi la maji. Mwanangu Nduku yuko nami. Huu ni mwezi wa tano.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ulipokufa nilijikaza. Nilifungua duka letu pale Eastleigh siku ya nne, nikakata sare za shule ulizokuwa umeziacha na alama za chaki. Mkono wako ulikuwa bado juu ya kile kitambaa, Halima. Nilikata taratibu kwa sababu nilijua nikimaliza sitakuwa na kingine ulichokipima wewe. Miaka kumi na moja tulikaa bega kwa bega, wewe ukikata, mimi nikishona, na ukiniona naharakisha unaniambia, "Bole bole, abaayo, nguo si mbio." Herufi ya P ilikushinda mpaka mwisho. Peter, yule mteja wetu wa suruali, alikuwa Bita mpaka yeye mwenyewe akaanza kujiita Bita.

Kisha jengo likauzwa. Mwenye kulinunua alitaka maduka ya vioo, na sisi wa vyumba vidogo tukaambiwa tuondoke. Nyumbani nako kodi ikapanda mara mbili kabla mwaka haujaisha. Nilitafuta huku na kule. Kila kulipokuwa na nafuu kulikuwa mbali, na kila kulipokuwa karibu palikuwa na mtu wa kuniuliza ninafanya kazi gani halafu ananitazama viatu. Nduku alianza kulala bila kula na kusema ameshiba. Ana miaka kumi na miwili, lakini uongo huo alishajua kuusema vizuri.

Mama yako ndiye aliyepiga simu. Unajua Kiswahili chake. "Mwende, wewe nalipa nyumba ya nini? Hapa chumba nakaa bure. Mashine nakaa bure. Kuja." Nilidhani ananihurumia tu. Akapiga tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka nikaona haya kutopokea. Kaka yangu wa Mwingi aliposikia alipaza sauti: "Unampeleka mtoto huko? Hujui habari za huko?" Nikamwambia habari za huko nimezisikia kwa Halima miaka kumi na moja, hizo anazoniletea yeye amezitoa wapi? Tulinuniana wiki nzima.

Nikaja. Sitakudanganya eti nilifika na moyo ukatulia. Haujatulia mpaka leo.

Wiki za kwanza nilikuwa natembea tu. Nikimaliza kushona gauni moja natoka, nafika sokoni, naangalia wanawake wanaouza maziwa ya ngamia kwenye vidumu vilivyofukizwa moshi, sinunui, narudi. Natoka tena. Nafika mtoni, natazama Tana ikienda zake na tope lake, narudi. Watoto wa mtaa wakanipa jina, sijui maana yake, na Nduku anakataa kuniambia. Yeye Kisomali kinamwingia kama maji. Anamwita mama yako Ayeeyo, yaani bibi, na wanacheka pamoja mambo nisiyoyaelewa. Nilikuwa nawasikia wakicheka, nanyanyuka tena.

Jumapili naenda kanisani. Langoni kuna askari, wanapekua mikoba yetu, tunaimba, tunarudi nyumbani. Watu wema. Mama mmoja wa Kitui ameishi hapa tangu ujana wake na anaagiza nguo kwangu. Kazi si mbaya, usiwe na wasiwasi. Shule mbili zimenipa sare, na maharusi wa huku wanapenda ile mikato yako ya mikono niliyokuwa nakuibia kwa macho. Lakini kila mteja akiingia anauliza, "Wewe ndiye ulikuwa na Halima?" Nasema ndiyo. Wananitazama kama wanatafuta wewe umejificha wapi ndani yangu. Haya ndiyo maisha uliyokuwa ukiyapanga mwenyewe, Halima. Duka Waberi, mama karibu, chai ya tangawizi saa nne. Uliyapanga wewe na nimeyavaa mimi, na yananibana kwapani.

Siku moja nikashindwa. Hakukuwa na ugomvi. Mama yako alinikuta nafungua kufuli la sanduku langu, nikamwambia naenda Nairobi siku mbili kutafuta vifungo. Vifungo! Garissa nzima haina vifungo? Hakuniuliza kitu. Alinifungia anjera tatu, zile chapati zenu laini za maji, kwenye karatasi, akasema, "Mtoto nabaki na mimi." Nilikuwa naenda kutafuta chumba, Halima. Nilitaka kurudi kumchukua Nduku na kuondoka.

Nikapanda basi asubuhi. Tulivuka daraja, na mbele kidogo, kwenye kizuizi, tukaambiwa tushuke wote na vitambulisho mkononi. Mstari mrefu, jua tayari limeshaanza kuuma. Mimi nilitazamwa jina, wakaona si la Kisomali, nikapitishwa hata kabla sijafika vizuri. Nyuma yangu alikuwa msichana amevaa jilbabu ya kijani, ana karatasi tu, ile ya kusubiri kitambulisho kipya. Alikuwa anaeleza, kwa Kiswahili safi kuliko changu, kwamba anakwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Wakamwambia akae pembeni. Alikaa juu ya begi lake. Dereva akapiga honi, tukapanda, basi likaondoka, kiti chake kikiwa kitupu kando yangu na chupa yake ya maji ikibingirika chini.

Sikusema neno. Watu wote mle ndani hawakusema neno, lakini wao walionekana wamezoea. Mimi nilinyamaza tu kwa sababu nilitaka kufika.

Nairobi nilipata chumba. Kule mwisho kabisa, ambako lami imeisha na mabomba bado hayajafika. Kidogo, giza, lakini kodi yake ningeiweza. Nikamwambia mlinzi wa jengo aniwekee mpaka mwisho wa wiki. Nilitembea Eastleigh pia, nikapita pale petu. Pamezungushiwa mabati. Nilisimama nikisubiri nisikie uchungu, nikasikia kiu tu. Nikanunua maji, nikapanda basi la kurudi.

Nilifika mchana, mama yako ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, Nduku yuko shule. Nikakaa naye, na bila kupanga nikamsimulia yule msichana. Sijui kwa nini nilianzia hapo badala ya kumwambia nahama. Aliacha kuchambua. Kisha akasema, "Kama Halima."

Nikauliza, kama Halima vipi?

"Ile siku mama yako wewe nakufa," akasema. "Halima iko hapa kwangu. Nalia, nafunga nguo, napanda gari. Kitambulisho imepotea, yeye iko na karatasi. Daraja pale, nashusha yeye. Narudi kwa miguu. Kesho napanda tena. Nashusha tena."

Halima. Walaal, ndugu yangu.

Unakumbuka mimi nilivyokufanyia? Nilimzika mama yangu Mwingi na macho yangu yalikuwa barabarani. Kila gari lililotoka upande wa Garissa nilisema huyo ndiye Halima. Hukuja. Tulipokutana dukani ukaniambia, "Nilishikwa na homa, abaayo, nisamehe," nami nikasema hamna neno, na lilikuwepo neno. Miezi mitatu nilikusalimu kwa midomo tu. Nilikuwa nakunywa chai yangu peke yangu nikigeukia ukutani. Wewe ukaendelea kunikatia nguo, ukaniwekea mkate, hukujitetea. Tulirudiana, ndiyo, lakini lile jambo nililiweka mahali, na hata siku zile za mwisho hospitalini, nikikushika mkono, kuna sehemu ndogo yangu iliyokuwa ikisema: huyu hakuja kumzika mama yangu.

Ulikuja. Ulikuja mara mbili.

Nilimuuliza mama yako kwa nini hukuniambia. Alitafuta maneno, akageuza kwa Kisomali, akarudi tena kwenye Kiswahili. "Yeye nasema, Mwende iko na msiba yake. Mimi nabeleka yangu ya nini?" Akavuta ushungi, akafunika uso, na mchele ukabaki hapo kwenye sinia mpaka Nduku alipotoka shule akatukuta hivyo, wanawake wawili wazima.

Sijui kama nimekasirika na wewe au na nani. Nilikasirika sana siku kadhaa. Nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Ungeniambia, Halima! Ningekuja mimi mpaka darajani na nguo zangu za matanga. Ningekaa na wewe kando ya barabara na maziko yangesubiri. Halafu nakumbuka yule msichana wa kijani. Kiti kilikuwa kando yangu. Ningeweza hata kumtupia chupa yake dirishani, nayo sikumpa. Sasa nitasema ningekuja kwako? Pengine ulinijua kuliko nilivyojijua.

Ijumaa ilipofika nilimpigia yule mlinzi wa jengo, nikamwambia chumba ampe mtu mwingine. Nisieleweke kwamba nimetulia. Joto bado linanichanganya akili, bado natoka mara tatu kwa siku bila sababu, na jana nimemfokea mteja wa watu kwa ajili ya kola. Huenda mwakani nikahama tena. Lakini nisihame kwa kumkimbia mama yako, ambaye hajawahi kunidai hata shukrani.

Kaka yangu nilimpigia pia, nikamweleza kuhusu maziko ya mama. Akasema, "Kumbe." Kisha akauliza kama mama yako anapenda asali. Wiki iliyofuata debe dogo likafika na basi, na mama yako ameshalificha Nduku asilione.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mama yako hajawahi kuliona kaburi lako. Ulizikwa Nairobi siku ile ile uliyokufa, yeye akiwa huku, na tangu hapo kila mtu anamwambia safari ni ndefu, yeye ni mzee, atulie amwombee mwanawe. Nilimuuliza juzi kama anataka kwenda. Aliingia ndani, akatoka na begi lililokuwa limeshafungwa. Sijui limekaa hivyo tangu lini.

Tunakuja Alhamisi. Nakuahidi hivi: kwenye kizuizi nitashuka naye, nitasimama naye kwenye mstari, na wakimweka pembeni nitakaa pembeni. Basi likitaka kuondoka liondoke. Tutapanda la kesho yake, na la kesho kutwa, mpaka tufike. Na ikiwa mbele yetu kutakuwa na msichana mwingine ameketi juu ya begi lake, safari hii nitafungua mdomo.

Lala salama, abaayo. Mungu akupe nafasi pana, na kivuli, na wa kukupikia chai. Nisamehe ile miezi mitatu.

Mama yako ananiita. Amepiga pasi buibui lake la safari na anauliza kama kule kwako kuna mahali pa kukaa, maana anasema akifika hataki kuharakishwa.

Wako,
Mwende