Chapati ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi. Kipupwe kimeingia kweli sasa. Asubuhi nimetoka uani na khanga mbili mabegani na bado nilikuwa najikunyata. Mie wa Njombe naona haya kusema baridi ya Dar imenishinda, ila Tegeta imeshanilainisha. Moyo nao leo umejaa, sijui niuweke wapi. Acha niandike kabla haujatulia.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mume wangu, Baba Neema, alipata kiharusi kabla ya Pasaka. Kimempiga upande wa kulia. Ni seremala, karakana yake iko Manzese, na nusu ya watu ninaowafahamu wanalala kwenye vitanda alivyovitengeneza kwa mkono ambao sasa hauinui hata kijiko.

Daktari alitwambia mambo mawili. Atembee, na ale vizuri.

Kutembea alikubali kwa sharti: tutoke alfajiri, mtaa ukiwa bado umelala, asionekane akiburuza mguu. Tumekuwa tukifanya hivyo. Ananishika bega, tunakwenda taratibu hadi kwenye nyumba ile ya ghorofa isiyokwisha, tunageuza.

Kula ndiyo imekuwa vita.

Umebaki mkono wa kushoto, na kwa mtu aliyelelewa kama yeye, mkono huo una kazi zake na chakula hakimo. Alipokuwa mdogo, marehemu baba yake alikuwa akiuchapa kwa mwiko kila ukisogea sahanini. Mwenyewe alipokuwa anamlea Neema, binti yetu, hakuchapa. Alikuwa anahamisha kijiko tu, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi sana.

Sasa nimlishe mie? Hataki, anasema yeye si mtoto. Ale mwenyewe kwa kushoto? Anakula, lakini chumbani, mlango umefungwa, nami nimetoka. Vijiko vichache, basi. Sahani inatoka karibu kama ilivyoingia. Suruali zake nimeshazipunguza kiuno mara mbili. Dawa za presha anazimeza juu ya tumbo tupu, halafu anatetemeka, halafu ananikasirikia mie.

Nimechoka. Hilo nalo niliandike, maana kanisani na shuleni ninapofundisha nasema tunaendelea vizuri.

Na jingine: matembezi yale ya alfajiri nimeyapenda. Miaka yote huyu mwanaume amekuwa wa wateja, wa ndugu, wa majirani. Kwenye giza lile, na jogoo wa watu wakiwika, anakuwa wangu peke yangu. Kwa hiyo sikuwahi kumsukuma atoke mchana. Sijui kama hayo ni mapenzi au ni choyo.

Leo tumechelewa. Hakulala vizuri, na alfajiri ikatupita. Nilipoingia chumbani nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, kimoja amejitahidi kukifunga kamba, kingine ananingoja. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Twende au tuache?" nikamuuliza.

Akafikiri. Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja, kama mtu anayechagua mchele. "Twende. Njia ya nyuma."

Njia ya nyuma hupita kati ya nyumba mpya, zile ambazo zina mageti makubwa na bado hazina madirisha. Hakuna watu wengi. Tulienda vizuri tu mpaka kwenye kona, na pale tukakuta lori limemwaga mchanga katikati ya njia, mlima mzima. Vijana wa koleo walikuwa bado hawajafika. Kupanda asingeweza. Kurudi tulikotoka kulikuwa mbali, na mguu wake ulishaanza kuniambia kwa uzito wake begani mwangu kwamba umechoka.

Ikabidi tukate kulia, tutokee mtaa wenye watu.

Mtaa wa Jumamosi asubuhi ni kama sebule isiyo na ukuta. Kina mama wanafua nje, genge limeshapanga nyanya na mchicha, bodaboda wako kijiweni kwao. "Fundi! Fundi huyoo!" Mmoja akasimama kabisa. Mwingine akasema pole. Mume wangu aliitikia kwa kichwa huku anatazama ardhi, na vidole vyake vikanikaza bega hadi nikaumia.

Tulipofika kwa Mama Shamsa, mama lishe wa hapa mtaani, goti lilimlegea. Nikamkalisha kwenye benchi lake chini ya bati.

Mama Shamsa alikuwa anageuza chapati. Hakuuliza ugonjwa, hakuuliza dawa. Alisema tu, "Karibu fundi, ulitupotea," kisha akaweka mbele yake sahani yenye chapati moja, bakuli la maharage ya nazi na kikombe cha chai ya tangawizi. Mie sikuwa nimeagiza. Harufu ya yale maharage, jamani. Nilimwona mume wangu akiivuta puani, halafu akageuza uso.

Ng'ambo ya meza alikaa bibi mmoja ambaye sikuwahi kumwona, wa Kipwani, miwani mikubwa, ushungi umefungwa vizuri. Baadaye nilijua amekuja kumtembelea binti yake. Mume wangu alimwamkia, ulimi ukimpa tabu, "Shikamoo," na yule bibi akaitika, "Marahaba mwanangu," akaendelea na kitumbua chake.

Tukakaa. Chai ilikuwa inatoa moshi. Nilichukua kijiko, nikakisogeza kinywani mwake kwa siri, kama ninayemfuta kitu. Akakisukuma pembeni kwa kidevu. Basi nikakiweka chini, nikatazama barabara, ili angalau mie nisiwe namtazama.

Njaa ina nguvu kuliko haya. Kwa jicho la pembeni niliuona mkono wa kushoto ukipanda mezani.

Ukaigusa chapati. Lakini chapati haimegeki kwa mkono mmoja. Ilimfuata tu na sahani yake, ikateleza nusu ya meza.

"Aa, mwanangu!" yule bibi akasema, haraka, bila ubaya, kama anayemwonya mjukuu. "Mkono huo! Kulia, kulia."

Bodaboda wawili waliokuwa wanabishana mpira wakashusha vikombe vyao vya chai. Mama Shamsa akageuka na upawa wake. Mie nilikuwa nimeshainuka nusu, mdomo wazi, na maneno niliyokuwa nayo siyo ya kumwambia mtu mzima.

Mume wangu akanitangulia.

"Wa kulia..." akasema, kisha akasubiri neno lije. "Wa kulia umelala, mama."

Bibi akavua miwani. Akautazama ule mkono uliokaa pajani kama wa mtu mwingine. Nikaona uso wake unaelewa, na aibu inampanda, na kitu kingine kikipanda juu ya ile aibu.

"Basi tusiuamshe," akasema. "Tule."

Akasogea kwenye benchi mpaka wakaangaliana. Akaushika ukingo wa chapati kwa vidole viwili, akaukandamiza sahanini.

"Vuta."

Mume wangu akavuta. Ikamegeka. Akachovya maharage, akala.

"Vuta tena."

Nimekaa pale na mikono yangu miwili mizima, sina la kufanya. Mtu na bibi asiyemjua wakala chapati moja hivyo, mmoja anashika, mwingine anamega. Mchuzi ulimchuruzika kidevuni, akaufuta kwa kiwiko. Bodaboda wakarudi kwenye ubishi wao wa mpira. Chapati ya kwanza ikaisha.

"Mama Shamsa," mume wangu akaita. Mwenyewe. "Nyingine."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu changu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Kabla hatujaondoka nilimshukuru yule bibi. Akanipiga-piga mkono. "Mume wangu naye ulimlala mguu," akaniambia kwa sauti ndogo. "Aliona haya watu. Hakutoka ndani mpaka siku ya kuzikwa." Akavaa miwani yake. "Huyu wako mtoe. Mtoe wamchoke kumwangalia."

Tulirudi kwa barabara kubwa ya mtaa. Tumechukua muda mrefu kweli, kwa sababu kila mtu alikuwa na salamu na safari hii alikuwa anazijibu. Mama mmoja alimlalamikia mlango wa kabati unaogoma kufunga, naye akamweleza, neno moja moja, aupake nta ya mshumaa kwenye reli. Mie nilisimama pembeni kama mke wa fundi, na ndivyo nilivyo.

Nilihisi wivu kidogo. Nimeutazama, nikauacha upite.

Mchana Neema alipiga simu kutoka Dodoma. Kwa kawaida naongea mie, nampa taarifa. Leo baba yake alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Leo nimekula. Kwa mama lishe. Chapati mbili."

Sikusikia upande wa pili, ila nilimsikia akimjibu, "Unalia nini sasa? Chapati tu." Halafu akacheka, kile kicheko chake cha sasa kinachoinua upande mmoja wa mdomo. Nimekuwa nikikionea huzuni kicheko hicho. Leo nimekiona kizuri.

Sitajidanganya. Mkono haujaamka, na huenda hautaamka. Jioni hii tena amenifokea kwa sababu ya mto wa kiti. Nami nimemjibu.

Sasa hivi yuko kibarazani, kuna jirani amemletea stori, nasikia sauti zao. Mie nimewasha pasi. Kanisani hajakanyaga tangu augue, na mara zote nilizomuuliza amesema wiki ijayo. Leo siulizi. Nalipiga pasi shati lake la bluu, kisha nalitundika kwenye mlango wa kabati.

Akilivaa, nitamfunga vifungo. Asipolivaa, Jumapili ziko nyingi.