Robo Saa ya Profesa

Alhamisi, Februari 1999. Theluji ya jana imegeuka tope jeusi kando ya Mtaa wa Kumi na Nne, na soksi zangu bado zimelowa.

Leo nimelipiza kisasi.

Nimeiandika sentensi hiyo nione kama mkono utakubali.

Nilisoma miaka miwili Ulaya, katika chuo kikuu cha serikali chenye umri mkubwa kuliko taifa hili la Marekani ninamoishi. Kina hata chumba cha jela, ambamo zamani chuo chenyewe kiliwafungia wanafunzi wakorofi. Na kina desturi yake: kipindi cha saa nne huanza saa nne na robo. Walituambia kwamba enzi hizo watu walisubiri kengele ya kanisa ilie saa nne ndipo waanze kutembea kwenda darasani. Asiyetaka robo hiyo sharti aandike "saa nne kamili".

Siku ya mtihani wa kujibu kwa mdomo, tramu, lile treni dogo la mitaani, ilikwama kwenye theluji. Nilifika robo ikiwa imepita kidogo tu. Profesa alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Tumewapa robo saa kwa karne nyingi, binti," alisema. "Kwenu hata hiyo haitoshi?"

Wenzangu wakagonga madawati kwa vifundo vya vidole. Kule hayo ndiyo makofi yao. Mlango ukafungwa, na ufadhili wangu ukaishia hapo. Ndiyo maana leo mimi ni karani Washington, kwenye taasisi inayowapa wasomi nafasi za utafiti.

Mwezi uliopita jina la Profesa likaja mezani kwangu, kati ya waombaji. Bosi wangu, Bi. Carol, akaniagiza nimwite kwa usaili. Nikamwandikia: saa nne asubuhi. "Kamili" sikuiweka. Na najua Bi. Carol hamsubiri hata mumewe.

Leo asubuhi namba ya hoteli yake ilikuwa mbele yangu. Niliinua simu. Nikaiweka chini.

Alifika na robo yake, shali safi, bila haraka. Bi. Carol alikuwa ameshapita mezani kwangu na kuniambia: "Mfute. Kwani Ulaya hawana saa?" Nikamjibu sijui, mama.

Nilipomwambia nafasi imempita, Profesa alidhani natania. Kisha akanitazama sana, akaniuliza jina. Nilimtajia yote matatu, polepole. Akalifunga shali lake upya, akatoka.

Wanjiku, Mkenya ninayeishi naye, anacheka tangu jioni. "Wewe, mtu wa kuogopa hata lifti? Sasa wakikufuta na wewe, dadangu, kodi ya nyumba nitalipa na nani?"

Huenda wakanifuta. Profesa akimwandikia Bi. Carol, nimekwisha. Lakini nimeyatafuta majuto tangu niketi hapa, na sijayaona.

Barua ya kumkatalia inachapwa kesho, na mchapaji ni mimi.

Nitafika mapema.