Wamemshusha Baba Gaude Kwenye Basi

Sumbawanga, Jumatatu usiku. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mawingu yamepita juu ya mtaa wetu wa Chanji kama watu wenye haraka zao, mvua hakuna.

Hamjambo nyote mnaopita hapa? Mmeshindaje, watoto hawajambo? Yule dada aliyeniandikia habari za mgongo, unaendeleaje, umeanza kuinama? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umechacha kama togwa iliyosahauliwa juani.

Nina hasira. Nasema mapema ili asiyetaka maneno ya mtu mwenye hasira aende zake kwa amani. Jumamosi nitaipeleka kwa padre, lakini leo ni Jumatatu.

Wamemshusha mume wangu kwenye basi.

Wanaonijua watashtuka, maana wanajua mimi ni mjane. Ngoja nieleze taratibu.

Binti yangu Gaudensia, ambaye sisi tunamwita Gaude, anasoma sanaa chuo kikuu, kule Dar. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mwanzoni sikuelewa mtu anasomaje sanaa miaka yote hiyo. Akanieleza. Nusu ya siku wanashika udongo, rangi na mbao. Nusu nyingine wanasoma historia ya sanaa: nani alitengeneza nini, wapi, na kwa nini watu walikitaka. Nikaona si jambo dogo. Ila hapa mtaani nimesikia yote. "Kuchora? Si hata wangu wa chekechea anachora?" Mwingine akaniuliza kwa upole kabisa kama akimaliza ataandika vibao vya saluni. Nilimeza.

Mwaka wa kwanza mwalimu wao aliwaonyesha ukutani picha ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo wazee wetu wa Ufipa waliyeyushia chuma. Gaude akanyoosha mkono akasema, hayo yako kwetu, baba alinipeleka kuyaona kwa baiskeli. Darasa zima likageuka. Jioni ile aliponipigia, sauti ilikuwa inacheza. "Mama, vitu vyetu vimo kwenye somo!"

Darasa hilohilo, kabla ya hapo, walikuwa wamemuuliza kama alikuja Dar kwa basi au kwa ungo. Mnajua wanavyotusema watu wa Sumbawanga, kwamba ni wachawi na tunaruka usiku. Akawajibu, "Kwa ungo, basi lilikuwa limejaa." Nilicheka, lakini iliniuma. Shikeni hilo la ungo, nitalirudia.

Likizo hii walipewa kazi. Kila mmoja atengeneze kichwa cha mtu anayemfahamu, ukubwa wake wa kweli, bila kuangalia picha. Alhamisi hii walimu wanazipitia kazi hizo moja moja. Asiyeleta kazi hana maksi, na huu ndio mwaka wake wa mwisho.

Gaude akamchagua baba yake.

Sikumkataza, ila sikutaka kutazama. Alifanyia kazi kwenye jiko la nje, na mimi nilikuwa naingia kuchukua sufuria kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme. Mwanzo lilikuwa bonge la udongo tu. Halafu likawa na paji. Halafu likawa na ule mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo na kulikatisha. Siku moja nikajisahau, nikamwambia Baba Gaude asogee kidogo nisije nikammwagia maji.

Nilikaa chini palepale jikoni. Nililia, na nilikuwa na furaha. Sijui kama inaruhusiwa.

Niliyemwogopa hasa ni mama mkwe. Alikuja kutoka kijijini Chala kukaa nasi mwezi huu, na nikajiambia, akiona mwanawe wa udongo, moto utawaka. Aliingia jikoni na fimbo yake, akasimama mbele ya kile kichwa mpaka nikaanza kusali kimoyomoyo. Hatimaye akamwambia Gaude, "Mjukuu wangu, hili sikio la nani?"

"La baba, bibi."

"Hili ni la mjomba wako. La baba yako la kushoto lilijikunja huku juu tangu kuzaliwa, kama ukingo wa jani la boga. Nililinyoosha kwa mafuta mpaka nikachoka." Akalowesha kidole kwenye maji, akalikunja mwenyewe.

Na kweli, ikawa kama mlango umefunguka. Mpaka pale alikuwa mtu anayefanana naye. Baada ya sikio, akawa yeye.

Kilikauka kivulini, Gaude na bibi yake wakakichoma kwa samadi kavu na maganda ya miti, kikatoka chekundu, kizima, na doa jeusi shavuni moto ulipolamba. Bibi akasema hilo doa liachwe, mwanawe hakuwahi kujua kunyoa.

Sasa leo.

Alfajiri tulikwenda stendi, Gaude na mimi. Kichwa tulikiweka ndani ya ndoo kubwa, kimezungushiwa kitenge changu na maganda ya maharage. Konda akataka kuisukumia ndoo kwenye buti, chini ya magunia. Gaude akasema hapana, anaipakata.

"Kuna nini humo, dada?"

"Kazi ya chuo. Sanamu ya udongo."

"Funua tuone. Mambo ya kubeba nyara za serikali mimi sitaki."

Gaude akafunua. Konda akachungulia, akasema, "Duh, kazi kali hii." Wala hakuogopa! Tukapanda, ndoo bado imefunuliwa, na Gaude angeondoka vizuri kabisa, kama si Mama Leokadia.

Mama Leokadia ni jirani yangu, tuko jumuiya moja ya kanisani, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alikuwa anakwenda Mbeya kumwona mwanawe. Alikuwa amekaa nyuma ya dereva, akageuza shingo kutusalimia, na macho yakaangukia ndani ya ndoo.

"Yesu na Maria! Baba Gaude huyu! Huyu mimi nimemwimbia kaburini, nimemtupia udongo kwa mkono huu!"

Akateremka akipita juu ya mabegi ya watu. Walio nyuma yake hawakujua kinachokimbiwa, nao wakakimbia. Mwenye viazi akaacha viazi. Chini pale kijana mmoja akatangaza kwamba tumetoa msukule, tunampeleka Dar akauze duka. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyerudi kupanda. Na konda yule aliyesema kazi kali akabadilika uso. "Mama, samahani, hicho kitu kishuke."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na sijui kama ninajuta.

Huu ni mwezi wa Rozari. Wakatoliki mnajua, na msiojua niwaambie: sanamu ya Bikira Maria inatembea nyumba kwa nyumba, jumuiya inaifuata kusali. Jana jioni ilihamia kwangu ikitoka kwa nani? Kwa Mama Leokadia! Aliileta mwenyewe kwa bajaji, ameipakata, ameifunika kitenge, vilevile kama Gaude alivyopakata ndoo.

Nikamuuliza mbele ya wote, "Mama Leo, jana ulipakata nini?"

"Ile imebarikiwa!"

"Na kabla haijabarikiwa, si mtu aliifinyanga kwa mikono?"

Akanitazama, akasema neno ambalo nimelibeba mchana kutwa. "Mama Maria simjui sura, Mama Gaude. Huyu namjua!"

Dereva akapiga honi. Wakatushushia begi. Watu wakapanda mmoja mmoja, mwenye viazi akarudia viazi vyake, na Mama Leokadia akapita karibu yangu bila kuniangalia, akavuta pazia la dirisha.

Basi likaondoka. Tukabaki sisi watatu stendi.

Nataka mnisaidie kuelewa. Tukiulizwa habari za ungo tunavimba. Tunasema wametuchafulia mji, sisi ni wakulima, tunalima mahindi na ulezi wetu na kwenda misa. Kweli kabisa. Sasa leo pale stendi alikuwepo nani wa kutusingizia? Tulikuwa wenyewe kwa wenyewe. Mtoto wetu ametoka chuo kikuu na udongo wa bonde letu mikononi, na sisi wenyewe ndio tuliompa ule ungo aliouliziwa kule.

Na wanamkimbia nani? Mtu aliyekuwa anaziba pancha pale barabarani! Hakuna baiskeli ya Chanji ambayo hakuijaza upepo. Mama Leokadia mwenyewe alikuwa hapiti bila kumtania, "Baba Gaude, nyembe zimepanda bei?" Leo amemwona amekaa kimya kwenye maganda ya maharage, ameshindwa hata kumwambia habari ya asubuhi.

Tulirudi kwa miguu, ndoo katikati yetu, kila mmoja ameshika upande. Pale mlangoni kwetu Gaude akasema atapiga picha kwa simu, atawaambia walimu kilivunjika njiani. Halafu, taratibu, "Tukifukie bustanini, mama. Yaishe."

Nimeshamzika mara moja. Simziki tena.

Nilimwambia hivyohivyo. Akalia, nikamwacha alie. Bibi akataka kusimuliwa yote tangu mwanzo, na tulipofika kwa Mama Leokadia akatukatisha. "Alikuwa amekaa upande gani?"

Gaude akafikiri. "Kushoto kwa baba, bibi. Uso wenyewe nadhani hata hakuuona vizuri."

"Si niliwaambia sikio!" Bibi akapiga fimbo chini, amefurahi kama aliyeshinda kesi. Na kwa mara ya kwanza leo Gaude akacheka, machozi hayajakauka. Akasema, mama, kumbe nimeshasahihishwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado na hasira zangu, nilizihitaji.

Jioni jumuiya walikuja kusali, maana Mama Maria yuko kwangu wiki hii. Habari zilikuwa zimetangulia. Mama Maria nilikuwa nimemweka mezani, kwenye kitambaa cheupe, na mishumaa yake. Baba Gaude sikumweka pale, sijachanganyikiwa, najua kipi ni kipi. Nilimweka pembeni kwenye kiti chake cha siku zote, kama mtu aliyekuja kusali na wenzake. Wakaja wachache. Wengine wakabanana mlangoni, nusu ya mwili ndani, nusu barazani, wanavizia.

Bibi akawaambia, "Ingieni. Alipokuwa na meno hakumng'ata mtu, ataanza leo?"

Mmoja akaingia. Mwingine akafuata. Waliobaki nje walibaki nje, na sala ikaendelea hivyo, Salamu Maria moja ikiitikiwa sebuleni na barazani. Nilikuwa nimejiandaa kuwasema baada ya sala. Nilikuwa na maneno mazuri. Lakini tulipofika kuwaombea marehemu, macho ya watu yalikwenda kwenye kile kiti, hata ya walioko nje, na wakaitikia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku ya mazishi. Nikanyamaza. Hasira haijaisha. Nimenyamaza tu.

Kabla ya kuandika hapa nilimpigia wakala wa basi jingine. Sikuficha. Nikamwambia, kaka, nina kichwa cha udongo cha marehemu mume wangu, ukubwa wake wa kweli, kinakwenda chuo. Akauliza, "Kinaongea?"

Nikamwambia hapana.

"Basi ni abiria mwema kuliko wengi. Mleteni. Lakini akae kwenye kiti, amefunuliwa, asije mtu akasema tumeficha."

Kwa hiyo kesho Baba Gaude anasafiri dirishani, amefungwa kwenye kiti kwa kanga, hajafunikwa. Alikuwa anapenda dirishani. Nitawasindikiza mpaka Laela, nimevaa sare yangu ya kina mama wa kanisani na rozari shingoni, nione nani atateremka. Kutoka Laela kwenda mbele hakuna anayemjua, hatamtisha mtu. Huko atakuwa sanamu nzuri tu.

Nikiandika hivi yuko hapa mkono wa kulia, ananitazama na ule mdomo wake. Gaude amelala. Sijui kesho itakuwaje. Mtu mmoja tu akipiga ukelele, Alhamisi mwanangu anasimama mbele ya walimu mikono mitupu.

Mama Leokadia nitamsamehe, najua nitamsamehe, bado sijajua siku gani. Lakini ninyi nawauliza. Ungekuwa wewe umekaa nyuma ya dereva, umegeuka, umemwona mtu uliyemzika, na binti yake ndiye aliyempakata, ungeshuka?

Usinijibu la kunifurahisha. Nijibu la kweli, na tafadhali nijibu mapema, kabla hatujatoka kwenda stendi.