Ami Mwenye Kikohozi na Mgonjwa Asiye na Kinga

Bi Samiha, shikamoo. Naomba unisaidie, mwenzio nimekwama.

Niite Swabra, wa Bofu, na mume wangu Mansur ana saratani ya damu, ile ya matezi, iliyochochewa na virusi vya UKIMWI anavyoishi navyo miaka sita sasa na ambavyo kwao hakuna anayevijua, na daktari alipomwanzishia dawa za saratani alituonya kinga yake itashuka, anayekohoa asimkaribie, na akipata homa twende hospitali saa hiyo hiyo, lakini mavyaa wangu asema mwanawe hafungiwi mlango kama mahabusu, basi juzi ami yake Mansur, Anwar, anayekohoa mwezi mzima, akakaa kitandani pake akamlisha halwa kwa vidole, nami nikamletea ami kahawa na kunyamaza nisiitwe mke mwenye kiburi, na leo tangu alfajiri Mansur atetemeka kwa homa, mavyaa amfukiza kwa mwarobaini, na Mansur ameniambia, "Ukiwaambia, aibu itaniua kabla ya saratani." Nizungumze vipi na wakwe bila kuwakosea adabu?

Swabra, marahaba.

Mume atetemeka, wewe waandika barua. Barua yako ilipoingia kwenye simu yangu nilikupigia hapo hapo, ukaninong'oneza, "Subiri kidogo, kuna wageni." Adabu kama hiyo husifiwa sana matangani.

Nikakwambia umpe simu mavyaa wako. Nikamwambia, "Dada, dawa za saratani zimemwondolea mwanao kinga. Homa hii ni ya hospitali."

Akanijibu, "Anwar ana mafua tu."

"Mafua ya mwezi mzima? Na sanda mshanunua?"

Kisha nikamsikia akikuita: "Swabra, tafuta gari."

Mansur alilazwa siku tisa kwa nimonia. Anwar naye alipimwa akakutwa na kifua kikuu. Ameanza dawa na bado anasema ameonewa. Mansur hajakutwa nacho, lakini daktari anaendelea kumchunguza. Ni yeye Mansur aliyeniruhusu kuchapisha haya, mradi nibadilishe majina yote.

Sasa yuko nyumbani, basi nisikilize. Siri ya virusi ni yake, itunze. Wakwe waambie dawa za saratani zimemaliza kinga. Huo ni ukweli, na unatosha. Mwenye kikohozi amwombee dua akiwa kwake, dua hufika. Aliye mzima anawe mikono kwa sabuni na avae barakoa. Wakikuita mwenye kiburi, itika abee, na anayekohoa usimfungulie mlango. Nunua kipimajoto, mwarobaini uache mtini.

Na homa ikirudi, usiniandikie. Nenda hospitali.