Maji Yaliyopita Mustari

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo kutoka Nchelenge. Mama yako iko muzima, samaki wanapatikana. Unauliza sababu gani mwalimu alikataa urefushe mustari wa grafu. Hata mie nilichanganyikiwa, nikiwa kijana kwenye laboratwari.

Tulipima maji yenye shaba tuliyoijua, tukachora mustari unaoonyesha namna rangi ya maji inazidi shaba ikizidi. Rangi ya maji ya kisima cha mama yangu ikapita mwisho wake. Nikaurefusha, ukasema yanafaa kunywa. Nikafurahi.

Tata Kalenga, mukubwa wangu wa kazi, akakataa. "Huko hatukupima. Ongeza maji safi, yawe mara kumi."

Nikamuuliza: "Tunatafuta shaba, namna gani tunaipunguza?" Akasema: "Rangi irudi ndani ya mustari tuliopima."

Tukapima tena, tukazidisha kumi. Shaba ilikuwa nyingi sana, maji yale yalikuwa sumu. Mama yangu akaacha kuchota pale.

Kumbe huko juu mustari unapinda, ndiyo maana ulinidanganya. Lakini sababu gani unapinda, sijaelewa mpaka leo. Uliza mwalimu, uniambie.

Kambo wako, Ilunga